Gavana Hapigi Hodi

Siku yangu ya kwanza kazini Dubai ilianzia kwenye korido ya hoteli moja ya Al Garhoud, karibu na uwanja wa ndege. Msimamizi wa vyumba, mama wa Kifilipino mwenye sauti ndogo na macho yasiyopitwa na kitu, alitupanga ukutani sisi wageni wa wiki hiyo, Wakenya, Waganda na Wanepali, akatufundisha namna ya kuingia chumbani. Unabisha, unataja idara yako, unafungua.

"Usisimame mlangoni kama mtu aliyepotea njia," aliniambia. "Mhudumu mzuri ni yule ambaye mgeni hajui aliingia saa ngapi."

Niliishika amri hiyo kwa miaka mingi, nayo ikanilisha na kunisomeshea binti yangu. Naiandika mwanzoni kwa sababu nyinyi mnaoanza kazi ya kutunza wazee huku Ghuba mtafundishwa jambo linalofanana nayo. Mimi ilinibidi niisahau ndipo nikaijua kazi yangu.

Kutoka hotelini nilihamia kwa familia moja ya Mirdif, kulea watoto. Arbab, yaani bwana mwenye nyumba, ambaye pia ndiye aliyedhamini viza yangu, alikuwa mtu wa maneno machache: "yalla", yaani haya twende, asubuhi, "khalas", yaani basi imetosha, jioni. Mama yake alipoanza kuugua wakamleta muuguzi kutoka Kerala, na muuguzi huyo hakuwa mchoyo wa ujuzi. Alinionyesha shuka ya kutelezesha, kitambaa laini kinachowekwa chini ya mgonjwa ili umsogeze bila kumchubua ngozi. Alinionyesha mkanda wa kiunoni, unaomfunga mzee anayejifunza kusimama tena ili ushike mkanda badala ya mkono wake, kwa maana mkono wa mzee huteguka upesi. Alinifundisha kumgeuza mtu anayelala muda mrefu, mgongo, ubavu, mgongo, ngozi isije ikawa nyekundu, kwa kuwa wekundu ule ndio mwanzo wa vidonda vya kulalia. Bibi yule alipofariki, arbab mwenyewe alinipeleka kwa wakala wa wahudumu wa wazee akasema, "Huyu anajua." Namshukuru mpaka leo.

Wakala akanipangia nyumba ya Al Warqa.

"Mzee wako ni Mwingereza," afisa wa wakala aliniambia. "Alikuwa mbunge, halafu gavana. Wahudumu wote tuliompelekea amewakataa."

Nyumba hiyo niliikuta na wafanyakazi wawili. Bi Zuwena, mpishi, alikuwa mzaliwa wa Unguja ambaye familia yake ilihamia Dubai zamani. Festo, dereva, alitoka Iringa na hakuwa na hata miaka thelathini. Niliwaambia nimekuja kumtunza gavana, na hapo hapo jikoni ukazuka ubishi.

"Gavana?" alisema Festo. "Basi sahihi yake imo kwenye noti za kwao. Huyu ni mtu wa Benki Kuu."

"Benki gani, kijana?" nikamjibu. "Gavana ni mtu wa kaunti. Anapigiwa kura. Anatoa basari za shule, ananunua ambulensi, anakuja matanga na msafara wa magari."

Bi Zuwena alikuwa akichagua mchele na hakuinua kichwa. "Nyote wawili hamna mlijualo. Huyo ni Balozi. Unguja, Mngereza mkubwa tukimwita Balozi, na marehemu babu yangu akimkatia majani ya bustani. Hachaguliwi na mtu, wala hatii sahihi kwenye noti. Hushuka melini kavaa kofia ya manyoya, basi, keshakuwa mkubwa wenu."

"Lakini alikuwa mbunge, na mbunge huchaguliwa."

"Hayo kamuulize mwenyewe. Mie namkaangia mayai tu."

Binti wa mzee, ambaye sote tulimwita Madam, alikuwa meneja wa kampuni ya kusafirisha mizigo katika Eneo Huru la biashara la uwanja wa ndege. Alinipokea akiwa amesimama, ufunguo wa gari mkononi. Nilikuwa na miezi mitatu ya majaribio.

"Baba amekataa kuogeshwa, amekataa kugeuzwa," alisema. "Ngozi ya mgongo imeanza kuwa nyekundu, na mimi nashinda ofisini. Ikishindikana na wewe pia, nitampeleka kwenye nyumba ya wazee kwao Uingereza. Sina njia nyingine."

"Na yeye anataka kwenda, Madam?"

"Hataki. Anataka kufia hapa, karibu yangu."

Jambo lenyewe lilikuwa hilo. Mzee alitaka kumalizia siku zake kwa mwanawe, mwanawe alitaka kupata usingizi akijua baba yu salama, nami nilihitaji kazi, kwa sababu viza yangu ilikuwa imefungwa kwenye kazi hiyo.

Asubuhi ya kwanza niliingia kihoteli, beseni la maji mkononi. Nikabisha, nikasema "Good morning, sir," nikafungua. Nilimkuta mtu mrefu hata akiwa amelala, nyusi nyeupe nene, mguu wa kushoto umelegezwa na kiharusi.

"Hapana, asante," alisema, hata beseni hajaliona.

Nikasogea. Akashika reli ya kitanda kwa mikono miwili. "Nimesema hapana, asante." Sauti ilikuwa ya adabu, lakini ya mtu aliyezoea kuwakatalia wajumbe. Nikarudi jikoni na maji yangu.

Bi Zuwena alinitazama na beseni lile akacheka. "Umeingiaje?"

"Nimebisha, nikaingia."

"Hukupiga hodi?"

"Kubisha si ndiyo hodi?"

"Kubisha ni kugonga ubao, bibie. Hodi ni ombi. Unapiga ya kwanza, unangoja. Ya pili, unangoja. Ya tatu, kama hakuna karibu, unarudi ulikotoka na wala hununi. Kwa mgonjwa ndiyo zaidi, maana hana pa kukimbilia."

Mimi ni mtu wa Bungoma, na hodi nimekua nayo. Lakini nilikuwa nimeiacha kwenye korido ya Al Garhoud bila kujua. Kesho yake nilisimama nje ya mlango uliofungwa.

"Hodi."

Nikangoja.

"Hodi."

"Neno gani hilo?" aliuliza kutoka ndani.

"Ni la kwetu, sir. Maana yake, nipo mlangoni, naomba kuingia."

"Na nisipojibu?"

"Nitasema mara moja zaidi, kisha nitaondoka."

"Utaondoka kweli?"

"Nitaondoka, sir."

Nikapiga ya tatu. Hakujibu. Nikaondoka, na nyuma yangu nikasikia kitanda kikilia, kama mtu anayejiinua ili ahakikishe. Nilirudi kabla ya chakula cha mchana.

"Hodi."

"Jibu lake ni lipi?"

"Ni karibu, sir."

"Ka-ri-bu," alisema, akilitamka kama jina la dawa. Nikaingia.

Hakuoga siku hiyo. Aliniruhusu nimgeuze tu, na nilipokuwa nikiipenyeza shuka ya kutelezesha chini yake nilitafuta mazungumzo ya kumsahaulisha maumivu. Nikamuuliza kama ambavyo ningemuuliza gavana yeyote.

"Sir, kwenye ugavana ulimshinda nani?"

"Kumshinda nani, vipi?"

"Kwenye kura."

Alicheka hadi nikalazimika kumshika bega asibingirike. "Mama, sikumshinda mtu. Nilishindwa. Ndiyo sababu wakanipa ugavana."

"Ulishindwa, wakakupa ugavana?"

"Ndivyo hasa."

"Kwetu mtu akishindwa huenda mahakamani."

Tangu siku hiyo alinisimulia maisha yake vipande vipande, mara nyingi nikiwa namkata kucha au nampaka mafuta mgongoni. Alisimulia kama mtu anayetoa nguo kapuni, hii ya juzi, ile ya mwaka juzi. Hapa nimezipanga.

Baba yake alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuziashiria treni zipite au zisimame. Yeye akasomea sheria, akawatetea wafanyakazi wa viwanda vya sufu katika mji wa kaskazini wenye mvua nyingi, kisha akagombea ubunge wa mji huo. Alishindwa mara ya kwanza, akashinda ya pili. Kwao kura ziliombwa nyumba kwa nyumba, na alinieleza namna yake kwa uangalifu ule ule ambao muuguzi wa Kerala alinieleza mkanda.

"Ukishabisha, unarudi nyuma kidogo, ili mwenye nyumba asijione amezingirwa. Unataja jina lako na ulichokuja kuomba. Halafu unanyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Wengi wetu hushindwa hapo."

Palikuwa na fundi mstaafu aliyemfungia mlango kila uchaguzi. Uchaguzi wa mwisho akaufungua. "Kura sikupi," alimwambia, "lakini unanyeshewa. Ingia." Mzee alisema hakuna ushindi uliomfurahisha kama kikombe kile cha chai.

Serikalini alifika kuwa naibu waziri wa uvuvi, kwa sababu, alidai, hakuna mwingine aliyevumilia harufu. Kisha upepo wa siasa ukageuka na kiti kikamponyoka. Waziri Mkuu akamwita ofisini.

"Unapenda joto?" Waziri Mkuu alimuuliza.

"Kiasi."

"Tuna kisiwa."

Kilikuwa kisiwa kidogo ambacho hakijapata uhuru, bandari moja, samaki wengi. Aliwasili amevaa sare nyeupe, upanga unamkwaza miguuni, na kofia ya manyoya kama ile aliyoitaja Bi Zuwena. Mvua ikanyesha. "Nilishuka chomboni," alisema, "nikifanana na kuku aliyeopolewa kisimani."

Wiki ya kwanza alifanya kazi aliyoijua. Alitoka kwa miguu, akabisha milango, akajitambulisha kwa watu. Aliporudi alimkuta Katibu Mkuu wa serikali ya kisiwa, msaidizi wake wa kwanza aliyewahi kuwatumikia magavana wengine, akimngoja barazani.

"Mtukufu, watu wameingiwa na hofu," Katibu Mkuu alisema. "Wanauliza wamekosa nini."

"Nilikwenda kuwasalimu tu."

"Gavana hapigi hodi, Mtukufu. Akimhitaji mtu, mtu huyo huitwa."

Neno hodi alilitia mzee mwenyewe alipokuwa akinisimulia, na alilitamka sawasawa. Kisha akaongeza, "Nilizoea upesi mno." Alijenga shule, akavuta maji ya bomba, akaweka zahanati, na kila alipotaka kitu alikitia sahihi, kikawa. Hakuomba tena.

Wiki zikapita. Asubuhi nyingine aliitikia karibu, nyingine aliniambia kupitia mlango, "Umeshindwa leo, mama. Gombea tena saa nne." Nami nikamjibu kwamba nitakwenda mahakamani. Wekundu wa mgongo ukafifia, ukaisha. Akaanza kusimama kwa mkanda, akafika dirishani. Madam akaacha kunipigia simu kila mara kutoka ofisini, na siku moja Festo alinong'ona kwamba amemsikia akiimba ndani ya gari.

Miezi ya majaribio ilipokaribia kwisha mzee akaanguka. Aliinuka peke yake kuvuta pazia. Hakuvunjika mfupa, ila paja lilivilia damu. Madam alikuja mbio akiwa bado na kitambulisho cha kazi shingoni. Baada ya daktari kuondoka, alituita jikoni sote watatu. Nyumba ya wazee imepata nafasi, alisema, na tiketi ameshakata. Baba ataambiwa anakwenda kufanyiwa vipimo.

"Msimwambie," alisema. "Atahangaika bure."

Festo akatazama viatu vyake. Bi Zuwena akazima jiko.

"Madam," nikasema, "sitamwambia. Hilo ni lako. Lakini mtu huyu namwomba ruhusa hata ya kumkata kucha. Akiniuliza, siwezi kumdanganya."

"Unaitaka kazi hii au huitaki?"

"Naitaka sana, Madam."

Akachukua ufunguo wa gari, akatoka. Festo akasema polepole, "Mama, umejifukuza kazi wewe mwenyewe."

Asubuhi mzee aliitikia karibu, akaniangalia nilipokuwa nikimfunga mkanda.

"Nimeona nyuso za watu waliokuja kuomba na za waliokuja kuaga," alisema. "Uso wako leo unaaga. Kuna nini?"

"Sir, naomba umuulize Madam."

"Basi mwite."

Madam aliingia na mkoba begani. Nikataka kutoka, mzee akanionyesha kwa kidole nibaki. Safari hakuitaja, ingawa habari ya nyumba ya wazee aliijua tangu awali na uso wangu ulikuwa umemtosha. Alianza kumsimulia kijiji kimoja cha ghubani, kule kisiwani, ambako bahari ilikuwa ikimeza nyumba. Alikuwa amejenga nyumba imara mlimani, zenye maji, akatia sahihi watu wahame. Wakahama wote isipokuwa bibi mmoja mzee aliyekaa kwenye kiti chake mlangoni. Ikabidi watumwe polisi, wakaagizwa wawe wapole, nao wakawa wapole. Walimbeba na kiti chake hadi mlimani, mikono yake imetulia mapajani kama yuko kanisani. Gavana alisimama kando ya njia kuhakikisha kazi inafanywa vizuri.

"Aliponifikia aliniambia, 'Hukuniuliza,'" mzee alisema. "Hakuongeza neno."

"Nyumba zile zilikuwa nzuri, Baba."

"Zilikuwa nzuri. Pengine angekubali. Sitajua kamwe."

"Nilikuwepo," Madam alisema. "Nilikiona kile kiti kikipita. Ukaniambia ni kwa faida yake."

"Nami niliamini." Akautazama mkoba wa mwanawe. "Kule uwanja wa ndege umeniagizia kiti?"

Alimaanisha kiti cha magurudumu, kile wanachosukumiwa abiria wasioweza kutembea. Madam akauteremsha mkoba sakafuni, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ndiyo," alisema.

Nilidhani mzee angeanza kujitetea. Alingoja, kama aliyebisha mlango akarudi nyuma. Mwishowe Madam ndiye aliyezungumza.

"Unataka nini, Baba?"

"Kubaki hapa. Nikianguka tena, nianguke hapa. Usidhani siogopi."

"Mimi naogopa kurudi nikukute sakafuni."

"Najua."

"Hujui. Jana niliendesha gari kutoka ofisini sioni barabara."

"Basi sikujua," alisema, akampa mkono. "Samahani, mwanangu."

Kisha mzee akanigeukia.

"Na wewe, mama? Tunapanga siku zangu zilizobaki juu ya mgongo wako, na hakuna aliyekuuliza. Utakubali kubaki nami?"

Nimefanya kazi chini ya wasimamizi, madam na maarbab wengi, na wengine walikuwa watu wema. Waliniambia la kufanya, wakanishukuru nilipomaliza. Kuniuliza kwa namna ambayo hapana nayo ingekuwa jibu, hilo halikuwahi kutokea. Ndiyo ilikuwa tayari mdomoni. Nikajisikia nikisema, "Sir, naomba nifikirie hadi kesho."

Madam aligeuka kunitazama. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu.

"Bila shaka," alisema.

Bi Zuwena alinikaripia jikoni. "Una wazimu wewe? Na wakibadili shauri?"

"Watakuwa wamebadili."

Akaguna, akanimiminia chai. Siku hiyo nilifikiri kweli. Nilifikiri magoti yangu, ambayo yalikuwa yameanza kulalamika. Nilifikiri Jumapili nyingi nilizokosa kanisa. Nilifikiri pia kwamba mzee huyu angekufa mikononi mwangu, na kama nilikuwa tayari kwa hilo. Asubuhi niliwaambia nitabaki, na nikawaambia ninachohitaji: reli ya kushikilia iwekwe ukutani kutoka kitandani hadi dirishani, kengele iwe karibu na mkono wake, na Jumapili iwe yangu. Madam hakubishia hata moja. Tiketi ikarudishwa, na kabla ya wiki kwisha Festo alikuwa amewaleta mafundi.

Mzee aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Aliniaga yeye kabla umri haujanilazimisha kuaga kazi. Sasa nimestaafu. Naandika haya chumbani kwa binti yangu, Al Garhoud, masanduku yakiwa yamefungwa kwa safari ya Bungoma.

Namshukuru yule mama wa Kifilipino, kwani usafi wangu ni wake. Namshukuru muuguzi wa Kerala kwa kila mgongo niliouokoa. Bi Zuwena namshukuru kuliko wote, ingawa yeye hadi mwisho alimwita mzee Balozi, na hakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa na haki yake. Watu wa kisiwa kile hawakumchagua mtu yule, na wema alioutenda baadaye kitandani haukufika kwao. Mzee mwenyewe hakudai kwamba umefika. Mimi naandika tu nilichokiona: mtu aliyejua kuomba, akapewa cheo kikamsahaulisha, akakumbuka akiwa hawezi tena kuinuka peke yake.

Nyinyi mnaoanza, jifunzeni mkanda, jifunzeni shuka, someni ngozi ya mgonjwa kila siku. Hayo mtafundishwa na kupimwa. Kuuliza hakuna atakayewapima, na asubuhi mkiwa na haraka ndiko mtakakoacha kwanza.

Kazi yetu inasema mgonjwa lazima ageuzwe, na katika maisha yangu sijawahi kupuuza hilo isipokuwa mara moja. Asubuhi ile pumzi ya mzee ilikuwa imebadilika, na daktari alikuwa ameshatuambia itakuwa leo au kesho. Madam alikaa upande mmoja, mimi upande wa pili, shuka mkononi. Nikamuuliza mzee kama nimgeuze.

"Hapana, asante," alisema.

Nikaikunja shuka, nikaiweka kitini. Tukamwacha alivyolala, uso umeelekea dirishani.